Rili ya Mwanamke Mmoja

Baba yangu hakuwahi kuniambia kwamba kazi niliyosomea ni mchezo. Alichofanya ni kunitafutia nyingine. Mwaka niliomaliza chuo Nairobi na kurudi nyumbani Meru, alikwenda kumwona mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa huko Ruiri, mtu aliyefundisha naye zamani, akarudi na habari kwamba shule ina chumba cha kompyuta lakini haina mtu wa kufundisha. Nafasi ilikuwa yangu nikiitaka. Ningeanza Januari. Alinieleza haya tukinywa chai, amenigeuzia ubavu, kama mtu anayezungumza na kikombe.

"Mimi sikukatazi hayo mambo yako ya vibonzo," alisema. "Ukipata mtu wa kukupa kazi kabla shule hazijafunguliwa, sitasema kitu tena. Usipopata, utaenda Ruiri."

Nilikubali. Makubaliano yalikuwa ya haki, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu akikuonea, angalau una wa kumlaumu.

Nilisomea uhuishaji, yaani kuchora vitu na kuvifanya vitembee, vipumue, vianguke na kuinuka. Katika kazi hii hakuna anayekuuliza cheti. Watu huuliza rili: video fupi, ya kama dakika moja, iliyounganishwa kutoka vipande vya kazi zako bora, ambayo mteja huitazama na kuamua kama unamfaa. Mwalimu wetu chuoni alitupa kanuni zake. Anza na kilicho bora kuliko vyote, maana hakuna anayesubiri. Usiweke kitu ambacho itakubidi ukiombee radhi. Maliza kabla mtu hajachoka. Nilizishika kanuni hizo kama Amri Kumi, na kama Amri Kumi zenyewe, zilinipa mengi zaidi ya kujishuku kuliko ya kutenda.

Kwa sababu kilicho bora ni kipi? Nilikuwa na roboti aliyetembea kwa kishindo kwenye barabara ya chuma. Nilikuwa na joka lililotema moto. Nilikuwa na mvua ikinyesha kwenye mji wa maghorofa ambao sijawahi kuukanyaga, taa zake zikimeremeta kwenye lami. Nikianza na roboti, niliona joka limefichwa. Nikianza na joka, niliona mtu atadhani najua moto tu. Asubuhi naipanga upya, jioni nairudisha ilivyokuwa, na katikati ya siku namwonyesha mama, ambaye kila mara alisema ni nzuri kwa sauti ileile anayoitumia kumwambia mgeni kwamba chai bado ipo.

Niliituma kwa kila niliyemfikiria. Hoteli moja ilinijibu, "Mungu akubariki." Shule ya udereva iliniuliza kama nachapisha pia vijitabu vya mazishi. Mwenye zahanati alinipigia simu, nikakimbia nje kuipokea, kumbe alitaka kujua kama ninamfahamu mtu wa kurekebisha televisheni. Nilikaa na kila jibu kwa muda mrefu kuliko aliyeliandika. "Mungu akubariki" ni hapana, au ni bado? Mtu akitaka kukukataa, si angenyamaza tu?

Dada yangu mkubwa ana saluni Makutano, ghorofani, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Siku moja nilimpelekea rili, nikaweka kompyuta kati ya chupa za mafuta na mashine ya kukausha nywele. Alikuwa akimsuka mteja, mama mmoja mnene mwenye kofia ya plastiki nusu ya kichwa. Walitazama wote wawili.

"Imeisha?" dada aliuliza.

"Imeisha."

"Mimi nilikuwa bado naingia."

"Ndivyo inavyotakiwa. Iwe fupi."

"Sawa, msomi wetu. Na huyu roboti anauza nini?"

"Hauzi kitu. Anaonyesha kwamba naweza kufanya kitu kionekane kizito."

"Basi uzito nimeuona. Bei ya nini sijaona."

Mteja wake alicheka, mabega yakatikisika. "Mimi hilo joka nilidhani ni tangazo la krusedi ya injili," alisema. Kisha akageuza kichwa, dada akamrudisha kwa kuvuta nywele. "Lakini niambie, mwari. Wewe unaweza kuchora mtu ambaye hayuko?"

Mwari kwetu ni binti. Mama yeyote anaweza kukuita hivyo, na ukiitwa hivyo huwezi kujibu vibaya. Nilimuuliza mtu ambaye hayuko ni mtu gani.

"Mtu asiye wa ukoo wowote."

Alieleza. Alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa ndizi Mitunguu, kule chini kwenye joto, ambako maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Wanachama walikuwa wakigombana. Mmoja anafungua maji kabla ya zamu yake, mwingine anachelewa kuyafunga, na barua za kamati hakuna anayezisoma. Walitaka video ya kuonyeshwa kwenye mikutano. Mpiga picha wa harusi alikuwa ameshajitokeza kuifanya, kwa kutumia watu halisi.

"Lakini tukimpiga picha mtu wa kweli akiiba maji," katibu alisema, "hata kama anaigiza, ukoo wake wote utatujia. Watasema kamati ilijua inachofanya. Na hakuna anayekubali kuigiza mwizi. Kila mtu anataka kuigiza mwenyekiti."

Dada alinitazama kupitia kioo. Mimi nilitazama roboti wangu aliyesimama kwenye skrini na mguu mmoja juu. Katibu akaniambia nije kwenye mkutano wa kamati nionyeshe kazi zangu. Disemba ilikuwa imeanza. Sikuhitaji kuambiwa kwamba huu ulikuwa mlango wangu, na kwamba baada yake uliobaki ulikuwa wa Ruiri.

Jioni hiyo nilimpigia rafiki yangu tuliyesoma pamoja, kijana wa upande wa chini wa Embu, kule kwenye mbuzi na ndengu. Yeye pia alikuwa amerudi kwao na alikuwa akifanya rili yake. Tulikuwa tukisomeana wasiwasi kwenye simu kama watu wanaosomeana matangazo ya vifo.

"Wakulima," alisema. "Huwezi kuwapelekea wakulima joka peke yake. Weka mama. Weka mama wa Kiafrika anatembea, ana mzigo, ana utu. Nitakutafutia mfano."

Alinitumia video aliyoitoa kwenye mtandao: mwanamke mrefu aliyevaa kitenge, mtungi umetulia kichwani, anatembea juu ya mchanga mwekundu, shingo imenyooka, mikono inaning'inia huru, kiuno kinakwenda taratibu kama kitu kinachoelea. Nilimchora hatua kwa hatua. Kutembea ndiko mtihani wa kazi yetu. Mguu ukiteleza kidogo tu, mtazamaji anajua pana uongo hata kama hawezi kuutaja. Wangu hakuteleza. Nilimtengeneza kwa siku nyingi, nikamweka mwanzoni kabisa mwa rili, mbele ya roboti. Nilimtumia rafiki yangu, akasema hajawahi kuona nikifanya kitu safi hivyo. Mimi pia niliamini. Kwa mara ya kwanza sikubadilisha mpangilio.

Kamati ilikutana kwenye ghala ambamo ndizi hupimwa kabla ya kupakiwa. Mikungu ilikuwa imelazwa ukutani juu ya majani, na harufu ya utomvu wake ilikuwa imejaa humo. Walianza kwa sala, kisha mwenyekiti, mzee mwembamba aliyevaa sweta licha ya joto, akasema wageni wajitambulishe. Mgeni nilikuwa mimi. Nilisimama nikataja jina langu na cheti changu. Walisubiri. Nilidhani wanasubiri video, nikaanza kufungua kompyuta.

"Bado hujatusalimia," katibu alininong'oneza. "Sema wewe ni wa kwa nani."

Nikasema Bwana asifiwe, nikasema baba yangu ni nani na anatoka wapi, na alifundisha shule gani. Mzee mmoja akasema alikuwa na mpwa aliyefundishwa na baba yangu na kuchapwa naye, na hapo ndipo kikao kiliponikubali. Mwanga wa mlangoni uliifanya skrini iwe nyeupe tupu, kwa hiyo walichukua katoni kubwa, wakaiingiza kompyuta ndani, nao wakainama mbele yake kwa zamu na kwa vikundi, kama watu wanaochungulia mzinga.

Rili ikaanza. Mwanamke wangu akaingia, mtungi kichwani.

Nilimwona wakati huohuo walipomwona wao. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimemtazama siku nyingi nikiwa peke yangu, lakini sasa nilikuwa nimeinama katikati ya vichwa vya akina mama wa kwetu Imenti, na mmoja wao, aliyekuwa karibu kabisa na shavu langu, alikuwa na ile alama. Bonde dogo juu ya paji la uso, mahali ambapo ukanda wa ngozi umekaa tangu utotoni. Mama yangu anayo. Dada yangu anayo kidogo. Mimi, ukinishika paji kwa kidole, utaihisi. Kwetu mzigo haukai kichwani. Hukaa mgongoni, umefungwa kwa ukanda unaopita juu ya paji, nawe unainama na kuusukuma ukanda kwa kichwa, na ndivyo kuni, maji, nyasi na ndizi zimepanda na kushuka milima hii. Rafiki yangu wa Embu, mama yake hubeba hivyohivyo. Tulikuwa watu wawili tuliokulia nyuma ya migongo ya mama zetu, tukakaa tukahangaika na kiuno cha mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipita.

"Huyu ni wa wapi?" aliuliza yule mama mwenye alama.

"Ameolewa huku kutoka mbali," mwingine alijibu.

"Hajaambiwa kuna mteremko?"

"Mwache afike pale kwenye daraja. Mtungi utatangulia, yeye afuate."

"Na mikono yake inafanya nini?"

"Imepumzika. Huko kwao wana bahati."

Walicheka, na kicheko chao hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha watu waliochoka na kikao kirefu na wakapata kitu. Roboti akapita bila mtu kumsema. Joka likatema moto kwa wanachama wawili tu, wengine walikuwa bado wanamzungumzia mgeni wa mtungi. Video ilipokwisha, mwenyekiti aliniuliza kama nimeichora mwenyewe.

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe umewahi kubeba maji?"

"Nimebeba."

"Kichwani?"

"Hapana. Mgongoni."

Wakacheka tena, na yule mama akanipiga begani kwa kiganja, pigo la kumwamsha mtoto kanisani. Mwenyekiti hakucheka sana. Alisema wamenisikia, mpiga picha naye wamemsikia, na kwamba kamati itakutana tena kabla ya Krismasi kuamua. "Kama una kingine cha kutuonyesha, kilete," alisema. "Tunataka tusimjue, lakini tumjue. Unanielewa?"

Nilisema nimeelewa. Njia nzima ya kupanda kurudi Meru nilikuwa nikijaribu kuelewa.

Nyumbani nilimweleza mama, nikitarajia anihurumie. Alicheka mpaka akakaa. Kisha nikamwomba abebe nyasi za ng'ombe atembee uani, nimpige video kwa simu ili niwe na mfano wa kweli. Alikubali, akajifunga ukanda, akatembea kutoka jikoni mpaka zizini na kurudi. Nilipotazama nilichopiga nilikata tamaa. Alikuwa anatembea kama mtu anayepokea zawadi siku ya michezo ya shule.

"Mama, tembea kawaida."

"Natembea kawaida."

"Unatabasamu."

"Kwani nisitabasamu? Si ni video?"

"Tembea kama huwa unatembea."

Aliushusha mzigo. "Huwa natembea nikiwa na mahali pa kwenda," alisema. "Wewe unanitembeza kutoka jikoni kwenda jikoni."

Kwa hiyo niliacha kumpanga, nikaanza kumfuata. Alipokwenda kukata nyasi kando ya mto, nilimfuata. Alipokwenda kwa kuni, nilimfuata kwa umbali, simu nimeishusha kiunoni ili asahau. Alisahau upesi, ana mambo mengi. Na siku moja njiani tulipopanda, mama akiwa mbele, amebebeshwa nyasi hata nyuma yake haionekani isipokuwa visigino, jirani yetu mmoja alikuwa akiteremka upande wa pili. Mama hakuinua macho. Hawezi, ukanda unashusha uso, na unachokiona ni ardhi kidogo iliyo mbele yako. Lakini kabla jirani hajasema neno, mama alimsalimia kwa jina.

Nilimuuliza baadaye alimjuaje.

"Si nimeona miguu."

"Unawajua watu kwa miguu?"

"Wewe unawajua kwa nini?"

Niliirudia video hiyo mara nyingi. Aliposimama kuzungumza hakugeuza shingo kumtazama mwenzake, kwa sababu shingo ilikuwa kazini. Aligeuka mwili mzima, polepole, mzigo na yeye pamoja, kama mlango unavyogeuka. Jirani naye akasogea kidogo, akajiweka mahali ambapo mama angemwona bila kujitahidi. Walizungumza habari za mtoto wa mtu aliyelazwa, mama akiuvuta ukanda mara kwa mara kwa vidole viwili kuuweka sawa, kisha akageuka tena mwili mzima na kuendelea. Hakuna aliyefikiri juu ya lolote kati ya hayo. Nami nilikuwa nimeishi humo tangu nizaliwe, nikaenda chuo kujifunza namna vitu vinavyotembea.

Kilichobaki ni uzito wenyewe. Macho hayatoshi kwa uzito. Ni lazima ujue unakaa wapi. Nikajifunga ukanda mimi. Ilikuwa miaka tangu niufunge, na ngozi ilikuwa ngumu na yenye harufu ya moshi. Mama alikuwa sokoni, dada yuko Makutano, kwa hiyo aliyekuwapo wa kushika simu alikuwa baba. Alikuwa akisoma gazeti chini ya ukingo wa paa. Nilimwomba kwa aibu. Alikunja gazeti kwanza, mara mbili, halafu akasimama.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo pekundu. Nifuate ubavuni, usinipite."

Nilitembea kutoka getini mpaka kwenye migomba, mgongo ukiwaka. Nilihisi mambo ambayo sikuyaona kwa mama: kwamba hatua huwa fupi kwa sababu mzigo unakuvuta nyuma, na ukirefusha mguu unachelewa, kwamba pumzi hutoka mguu unapokanyaga, kwamba shingo ndiyo inayobeba, si mgongo. Nilipoushusha mzigo na kutazama, baba alikuwa amenipiga kutoka kifuani kwenda juu.

"Baba, umenikata miguu."

"Nilikuwa naangalia uso. Ulikuwa umekunjamana."

"Nahitaji miguu zaidi."

"Basi rudia."

Nikarudia. Safari hii alinifuata akiwa ameinama nusu, simu chini karibu na ardhi, mzee wa miaka yake, suruali yake ya kanisani ikiburuzika kwenye nyasi. Alinipiga nikienda na nikirudi. Hakuniuliza ni ya nini. Lakini jioni alisimama nyuma yangu nilipokuwa nikichora hatua moja, mguu ukiinuka, na aliporudi baada ya kula alikuta bado niko kwenye mguu uleule.

"Hujamaliza?"

"Huu ni mguu wa kulia tu."

"Mimi nilidhani ni mashine inayochora," alisema, akaenda kulala.

Nilipomaliza, rili ilikuwa ya mwanamke mmoja. Anapanda njia, amebeba mkungu wa ndizi mgongoni. Miguu ya mtu inaingia upande wa juu wa picha. Anasimama, anageuka mwili mzima, anasalimia, anauweka ukanda sawa, anageuka, anaendelea. Basi. Niliondoa joka, nikaondoa mvua ya maghorofa, na mwishowe, baada ya kumrudisha na kumtoa tena, nikamwondoa roboti. Rafiki yangu wa Embu alinipigia mara tu alipoiona.

"Yule wa ukanda ni mzuri," alisema. "Mama ameniambia anafanana na shangazi. Lakini umeondoa roboti? Roboti ndiye aliyekupa alama za juu darasani."

"Najua."

"Sasa mteja atajua vipi kwamba unaweza vitu vingine?"

"Hatajua."

Hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza nikiamka na nikilala. Rili ndiyo mahali pa kuonyesha kila unachoweza. Yangu ilionyesha kitu kimoja. Wasipokipenda, sina cha pili cha kuegemea, na baba hana sababu ya kuongeza siku. Lakini kila nilipojaribu kumweka roboti nyuma ya yule mwanamke, ilikuwa kama kumleta mtu mwenye kelele kwenye mazungumzo ya watu wawili.

Kwenye mkutano wa pili nilisimama, nikawasalimu, nikasema mimi ni wa kwa nani, na tena mara hii nikasalimia kwa niaba ya wazazi wangu. Katoni ikaletwa. Wakainama. Mwanamke akapanda njia.

Hakuna aliyecheka. Nilitazama migongo yao na nikaanza kujiandaa kwa Ruiri. Nilifika hata kufikiria nitavaa viatu gani siku ya kwanza. Kisha yule mama mwenye alama akasema, "Rudisha."

Nikarudisha.

"Huyo ni mke wa yule mwenye kinu cha kusaga unga," akasema.

"Wapi," mama mwingine akamjibu. "Mke wa mwenye kinu anatupa mguu wa kushoto. Huyo ni jirani yangu wa kule juu ya mfereji. Tazama anavyouvuta ukanda."

"Huyo ni marehemu mama yangu," alisema mzee mmoja, kwa utulivu tu, kama anayetaja hali ya hewa.

Walitaka mtu asiye wa ukoo wowote, nami nilikuwa nimewaletea mtu wa kila mtu. Kama mke wa mwenye kinu ataonekana kwenye video ya kuiba maji, kamati ndiyo itakayojibu. Mpiga picha wa harusi alikuwa ameketi karibu na mizani akisubiri zamu yake, na niliona ameanza kutabasamu. Nilifungua kinywa kueleza kwamba si yeyote kati ya hao, kwamba mwendo niliutoa kwa mama yangu na uzito kwangu mwenyewe, kwamba ninaweza kubadilisha mguu. Katibu alinitazama kwa jicho la kuninyamazisha.

Mwenyekiti aliwaacha wabishane. Waliongeza majina mengine. Mmoja aliuliza kwa nini anaupeleka mkungu juu badala ya kuuleta chini ghalani, kwamba huyo lazima anauza kwa dalali, na ubishi ukahamia huko. Walimgombeza yule mwanamke kana kwamba anawasikia. Hatimaye mwenyekiti akagonga meza kwa funguo.

"Nimehesabu majina," alisema. "Kila mmoja amemtaja wa kwake. Kuna anayekubaliana na jirani yake?"

Hakukuwa na aliyekubaliana.

"Basi si wa mtu."

Mpiga picha alionyesha video yake, nzuri, yenye rangi, bwana harusi na bibi harusi wakitoka kanisani. Walimshukuru. Kisha nikatolewa nje nisimame karibu na malori wakati kamati inaamua, na huko nikafikiria mambo yote ambayo mtu anaweza kufikiria, yakiwamo mawili kinyume kwa wakati mmoja. Katibu alipotoka alikuwa anatafuna ndizi. Aliniambia nitaanza na sehemu ya zamu za maji, waione kwanza, na wakiridhika nitaendelea na nyingine. Na kwamba yule anayeiba maji awe mwanamume, akina mama wamesisitiza.

Nilimweleza baba usiku wa siku hiyo, mezani. Nilieleza yote pamoja na masharti, kwamba ni sehemu moja kwanza, kwamba wanaweza kusitisha. Nilitaka asiniambie baadaye kwamba nilimficha. Alisikiliza akimaliza chakula chake. Alikuwa ameahidi hatasema kitu tena, na hakusema. Alifuta mikono, akachukua simu, akampigia rafiki yake wa Ruiri hapohapo mbele yetu.

Walijuliana hali kwa muda mrefu, mvua, ng'ombe, watoto. Kisha baba akasema, "Ile nafasi ya kompyuta, mpe mtu mwingine. Msichana amepata kazi."

Tulisikia sauti ya mwalimu mkuu ikiuliza kazi gani.

Baba alinitazama. Alimtazama mama. Mama akainamisha kichwa kwenye sahani, akicheka bila sauti.

"Ni kazi ya Mitunguu," alisema. "Ya wenye ndizi." Sauti ya upande wa pili ikauliza tena. "Hapana, halimi. Anatengeneza watu. Watu wanaotembea." Akasubiri. "Hapana, si wanasesere. Ni mtu, amebeba mzigo, anapanda njia. Mguu mmoja tu unachukua siku nzima, wewe hujui." Akasikiliza tena, akakunja uso, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nikamwona akitafuta maneno. Mwishowe akanipa simu.

"Mweleze wewe," alisema.